Sentimita ya Kumi na Nane: Lia Kidogo

Jumatatu, tarehe 3

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Mume wangu bado ni mzuri! Asubuhi alikunywa chai akiwa na povu la sabuni kwenye sikio la kushoto. Sikumwambia. Lilimpendeza. Ni fundi bomba, lakini ana shingo ya mfalme.

Ila nyumba yetu ina daftari.

Nieleze. Mume wangu na dada yake mkubwa, yaani Wifi, mwalimu wa hesabu, ni wagonjwa wa katuni za Kijapani. Wao huziita anime. Ukisema katuni, mume wangu ananuna kama mtu aliyenyang'anywa kijiko. Anime mpya ikitoka, sehemu ya kwanza wanaitazama pamoja, bega kwa bega, kisha kila mmoja anaandika hisia zake za kwanza kwenye daftari la miraba, na alama juu ya kumi. Miaka kumi na mmoja! Safu mbili tu: DADA na KAKA.

Wiki iliyopita nilikaribishwa kutazama. Nililala dakika ya sita. Nilipoamka nikauliza kwa nini yule kijana ana nywele za bluu na hakuna anayempeleka hospitali. Walinitazama kama wanatazama maiti.

Leo nikifuta vumbi nimefungua daftari. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu ya Wifi: MGENI: alilala. Aliulizia nywele.

Mgeni! Katika nyumba ambayo mapazia yote nimeshona kwa mkono wangu!

Nimeingia jikoni, nikafungulia maji nilie bila kusikika. Mume wangu akaja mbio na spana, akidhani bomba limepasuka. Nani mwingine ana mume wa hivi? Nilimkumbatia pamoja na spana yake.

Nimeapa. Kabla wiki haijaisha, daftari lile litakuwa na safu ya tatu, na juu yake pataandikwa MKE.

Nafasi imejileta yenyewe. Jioni Wifi amepita na habari: Jumatano inatoka anime mpya ya ngumi na vichekesho, Supu Isimwagike. Lakini yeye ana mitihani ya kusahihisha mpaka Ijumaa. Basi tutatazama Jumamosi, saa kumi, na hakuna kuchungulia kabla. Kiapo chao kinaapwa kwa rimoti. Tukaishika wote watatu, mkono juu ya mkono. Wa Wifi ulikuwa juu kabisa. Nimeapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumanne, tarehe 4

Nimemuuliza mume wangu, kimtego, mtu akitazama sehemu ya kwanza anatakiwa aseme nini. Akanipapasa shavu akasema nisiwe na wasiwasi, niseme tu kinachotoka moyoni.

Kinachotoka moyoni! Ndicho kilichonitia kwenye kalamu nyekundu.

Nampenda, lakini kwa ushauri hana kitu.

Jumatano, tarehe 5

Kiapo ni kitu kizito. Nilikibeba mpaka saa sita na nusu mchana.

Chumba cha pili kutoka duka la ushonaji ninapofanya kazi kuna fundi simu. Watu wanamwita Fundi Chaji, kwa kuwa ukimpelekea tatizo lolote, hata kioo kilichovunjika, kwanza anakwambia labda ni chaji. Pia anawawekea watu filamu kwenye simu. Nikamnong'oneza jina. Akasema anayo tangu saa mbili asubuhi. Akajisifu kwamba filamu zake ni safi, hazina porojo, ni nyama tupu bila mfupa. Kwa malipo, nimembadilishia zipu ya suruali.

Si kwamba nimevunja kiapo. Kiapo kilisema tusichungulie. Kuchungulia ni kutazama kidogo. Mimi nimetazama yote.

Niliingia nyuma ya marobota ya vitambaa vya sare za shule, nikaketi juu ya majora ya kaki, sikio moja nimeacha wazi nimsikie Mama Pindo, mwenye duka. Nikabonyeza.

Jamani! Kumbe ni tamu hivi?

Kuna msichana anayepeleka supu nyumba kwa nyumba. Ana nguvu za kuvunja ukuta, ila mkono mmoja daima umeshika bakuli, na supu isimwagike, ndiyo sheria ya kazi. Basi anapigana kwa mkono uliobaki! Anawapiga mapacha wawili wenye masharubu, huku bakuli ameliweka juu ya pua. Akiruka, supu inaruka nayo, inageuka hewani, inarudi bakulini. Nimecheka mpaka nikauma jora la kaki. Halafu ghafla anamkumbuka marehemu mama yake aliyemfundisha kupika. Nikalia. Mwishoni anafika kwa mzee mmoja mpole mwenye pete nyekundu, ndiye aliyeagiza. Mzee anamimina supu kwenye bakuli la pili, anamwambia binti yangu, keti tunywe wote. Ikaisha hapo. Roho nzuri iliyoje! Mzee kama huyo ningemshonea koti bure.

Dakika ishirini na moja. Sikulala hata moja!

Nimerudi kwenye cherehani nikiwa mtu mwingine. Mama Pindo ameuliza nilikuwa nahesabu vitambaa au nashindana navyo.

Alhamisi, tarehe 6

Shida: nimeshayajua yote. Nitachekaje upya? Na nikisahau pa kuonyesha busara?

Jibu limenijia nikiwa nimesimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mshonaji bila tepu shingoni ni kama daktari bila koti jeupe. Nakaribia kuivaa hata nikioga. Nani ataishuku? Dakika moja, sentimita moja! Nimeigeuza upande wa nyuma, nikaandika kwa kalamu ya wino usiofutika:

4: CHEKA SANA.
7: PIGA MAKOFI.
11: ULIZA SWALI LA AKILI.
18: LIA KIDOGO.
20: TABASAMU. SEMA MZEE ANA ROHO NZURI.

Kuhusu dakika, sina hofu. Harusini tulizawadiwa saa za ukutani tano. Moja ipo juu kabisa ya televisheni. Waliotuzawadia hawakujua wanachokifanya. Mungu alijua!

Usiku huu mume wangu ameniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia ni mapenzi. Nusu ilikuwa kweli. Zaidi ya nusu.

Ijumaa, tarehe 7

Ajali ndogo kazini.

Amekuja bibi harusi kupimwa gauni. Amekonda, ana wasiwasi, kila kitu anauliza mara mbili. Nikampima kifundo cha mkono pamoja na nafasi ya kupitisha kiganja. Sentimita kumi na nane kamili. Tepu ilikuwa imejigeuza. Akasoma mwenyewe, polepole, pale tepu ilipokutana: LIA KIDOGO.

Akaniangalia. Akauliza kwa sauti ndogo kama hiyo ni ishara. Nikasema hapana, dada yangu, ni baraka. Bibi harusi asiyelia kidogo huja kulia sana. Akaanza kulia papo hapo. Mama Pindo ameitazama tepu, akanitazama mimi, akauliza tangu lini vipimo vya dukani kwake vinaliza watu. Kisha akasema mshonaji mwenye siri hushona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Maneno ya wivu. Hana mume mwenye shingo.

Nimefanya mazoezi ya kicheko mbele ya kioo cha kupimishia. Cha kwanza kilikuwa cha mbuzi. Cha sita kimekaa vizuri.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika haraka. Kwa furaha! Lakini nianze mwanzo, maana katikati palikuwa pabaya.

Saa kumi kasoro dakika tano Wifi ameingia, daftari kwapani, akaketi kwenye mto wa katikati bila kuuliza, kama mwenye hatimiliki. Mume wangu kulia kwake. Mimi ukingoni, kikombe cha chai mkononi, tepu shingoni. Wifi akatania, wifi yangu, leo usilale, blanketi nimelikalia. Nikacheka kwa upole. Nilijua ninachokijua.

Saa kumi kamili. Mume wangu akabonyeza.

Ikaanza kitu nisichokijua.

Giza. Chungu kinachemka. Mwanamke anaimba. Mkono unatokea, uso hauonekani, unanyunyiza unga kwenye bakuli la yule mwanamke. Mimi wakati huo nipo mbioni! Naangalia saa, naangalia tepu, naangalia saa. Nikajiambia labda ni tangazo. Kisha ukaja wimbo mzima, watu wanakimbia juu ya mapaa, majina yanapita. Wifi na mume wangu wanatikisa vichwa kwa pamoja. Wimbo ukaisha. Saa ikaonyesha dakika ya nne.

Tepu ni tepu. Nikacheka sana. Kicheko cha sita, kile kilichokaa vizuri.

Kwenye televisheni msichana alikuwa anafagia.

Mume wangu akauliza kwa upole nimeona nini. Nikasema ufagio. Dakika ya saba wao wakacheka, bakuli lipo puani, nami nikapiga makofi. Hapo ilipita, nikapata moyo. Dakika ya kumi na moja nikauliza swali langu la akili: je, bakuli lile si mfano wa moyo wa binadamu? Msichana alikuwa amempiga pacha wa kwanza teke la makalio. Wifi akajibu kwamba labda, lakini hilo lilikuwa teke.

Nilipaswa kuacha. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini mshonaji akishaanza pindo hulimaliza.

Dakika ya kumi na nane nikalia kidogo. Mapacha wote wawili walikuwa wametumbukia kwenye pipa la samaki, masharubu yamenasa pamoja. Mume wangu machozi ya kicheko yanamtoka, akageuka, akaniona mimi ninayatoa ya huzuni. Akanishika mkono. Akauliza kama nawaonea huruma mapacha. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, Dada, umeona moyo alio nao huyu mke wangu? Jamani mume huyu!

Dakika ya ishirini nikatabasamu, nikasema kwa sauti ya busara: huyu mzee ana roho nzuri.

Mume wangu akauliza mzee yupi.

Nikatazama. Msichana yuko peke yake anapanda ngazi. Hakuna mzee. Hakuna hata babu wa mbali. Kulikuwa na paka tu. Nikasema, paka ni mzee.

Dakika ya ishirini na mbili mlango ukafunguliwa. Mzee. Mpole, anatabasamu.

Wifi akageuza shingo taratibu, taratibu, kama mwalimu aliyesikia karatasi ikichanwa nyuma ya darasa. Hakutazama tena televisheni. Alinitazama mimi. Nikahisi jasho linashuka kwenye uti wa mgongo, sentimita kwa sentimita. Basi nikayakazia macho yale yanayoendelea mbele, ili nisikutane na yake. Na kwa mara ya kwanza tangu saa kumi sikutazama saa, wala tepu.

Mzee akamimina supu kwenye bakuli la pili. Akasema binti yangu, keti tunywe wote. Akanyoosha mkono. Pete nyekundu.

Ile pete!

Ule mkono wa mwanzo, gizani, ulionyunyiza unga! Ulikuwa na pete! Niliiona kwa kona ya jicho nikidhani ni tangazo la vito! Ndiye aliyemwua mama yake! Na mtoto wa watu anapokea bakuli, anashukuru, analipeleka mdomoni...

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa juu ya kochi, nimesimama. Nilipiga yowe USINYWE WEWE MTOTO, PETE, ITAZAME PETE, na kikombe cha chai kikaruka kama supu ya kwenye anime, ila hakikurudi. Kilitua kwenye suruali ya mume wangu. Yeye naye akapiga yowe. Majirani wakagonga ukuta.

Picha ikasimama bakuli likiwa mdomoni. Mwisho wa sehemu ya kwanza.

Nikavua tepu haraka nimfute. Ndipo Wifi akaishika ncha ya pili.

Akasoma. Akasoma yote kwa sauti, ile sauti ya kuita majina darasani asubuhi. Nne, cheka sana. Saba, piga makofi. Alipofika kumi na nane mume wangu hakuwa anacheka tena. Suruali inatoa mvuke, yeye kasimama, akaniuliza taratibu: mke wangu, si tuliapa?

Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeshukuru. Aliniuliza kama mtu aliyekuta mlango wake uko wazi.

Nikasema yote. Fundi Chaji, zipu, majora ya kaki. Nikasema sikutaka kuwashinda, nilitaka tu nisiitwe mgeni. Nikalia, na wala haikuwa dakika ya kulia.

Wifi alikuwa bado na tepu. Anaisogeza kwa kidole, ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Akarudi ishirini. Kisha akasema kama anayeongea na ubao: Mwanafunzi anayenakili, ananakili mpaka kosa. Hapa ameandika mzee ana roho nzuri. Lakini kinywani kimetoka kinyume chake, na kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kwa hiyo yowe halikunakiliwa. Yowe ni lake. Akasema katika miaka kumi na mmoja yeye na ndugu yake wameandika maneno mengi mazuri, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama juu ya kochi kuokoa mtu wa kwenye televisheni. Yeye mwenyewe, alisema, pete hakuiona.

Pete hakuiona! Mwalimu wa hesabu!

Mume wangu akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema, paka ni mzee, akaanguka kwenye kochi. Wifi naye, paka ni mzee, akalala kwenye mkeka akishika mbavu. Nikacheka mwisho, kicheko kile cha mbuzi. Ndicho changu, kumbe.

Kisha Wifi akachukua rula. Akapiga mstari. Safu ya tatu! Juu yake akaandika, kwa kalamu nyekundu ileile: MKE. Na chini: Alipiga yowe. Kikombe kizima. 10/10.

Mume wangu kaandika kwenye safu yake maneno manne tu: Nimeungua, lakini nimefurahi sana. Tisa na nusu.

Wifi kabla hajaondoka amesogea, akaukung'uta vumbi mto wa katikati, akaniambia nikae hapo, wifi yangu, maana ukingoni unamwagia watu. Tepu ameichukua. Kaipachika kwenye daftari kwa pini, kama ushahidi. Na mimi nimeapa upya, mkono juu ya rimoti, kwamba sitatazama kabla yao. Safari hii mkono wangu ulikuwa juu.

Jumapili, tarehe 9

Siku ya ishirini na tano ya ndoa. Mume wangu ameniletea chai kitandani. Amesimama mbali kidogo wakati nainywa, basi tu.

Akaniambia jana alipoona tepu aliumia kwa sababu alikuwa anangoja kuniona nikishangaa. Amesema hicho tu ndicho alichokitaka, uso wangu unapoona kitu mara ya kwanza. Nimelifikiria neno hilo kutwa. Ni neno zito na zuri. Nimelihifadhi moyoni.

Jumatatu, tarehe 10

Nimemkabili Fundi Chaji. Kwanza kasema labda ni chaji. Nikambana. Akakiri kwamba simu za watu zimejaa, basi yeye hukata dakika tatu za mwanzo za kila kitu. Wimbo na porojo. Anasema wateja wanataka ngumi, nani anataka kujua mama wa nani alikufaje?

Kumbe! Kwa hiyo mpango wangu haukuwa na kosa hata moja. Kosa ni mkasi wa mtu mwingine.

Jumatano, tarehe 12

Sehemu ya pili imetoka leo.

Kiapo kipo palepale. Nimekitafakari kwa heshima nyuma ya majora ya kaki. Mume wangu anataka nini? Kuniona nikishangaa. Je, mke mwema aache jambo kama hilo litegemee bahati? Nikitazama Jumamosi nisishangae, itakuwaje? Ataumia! Haiwezekani.

Fundi Chaji amenipa nzima, haijakatwa hata sekunde. Nimembadilishia kola. Nimetazama mara mbili. Siku ya tano ya ndoa yangu ndani ya daftari, na tayari nimekuwa mtaalamu!

Tepu mpya nimeinunua. Safari hii haikai shingoni, nimeishonea ndani ya mkono wa gauni. Dakika ya tisa: SHANGAA KUTOKA MOYONI. Dakika ya kumi na tatu: PANDA KOCHI. Dakika ya kumi na nne: YOWE LA KWELI, KISHA CHAI.

Nimelijaribu yowe dukani mchana. Bibi harusi alikuwa anavaa gauni lake kupima. Ametoka nje na pini zote, Mama Pindo anamfuata na mkasi. Nasikia bado hawajarudi.

Kwa hiyo linafanya kazi.

Chai itakuwa ya vuguvugu, na kikombe nimechagua kidogo. Suruali za mume wangu ni chache, na mimi sasa ni mke, si mgeni. Lazima nifikirie mambo ya nyumba.